Kibati Chenye Jina Langu

Wete, Pemba
2 Machi 1958

Kwa umbu langu Mwanarusi binti Mwinga, Msambweni.

Salamu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hunitangazia mvua kabla ya mawingu. Binti zangu wawili wako kwa waume zao Chake Chake, hawajambo. Tangu mama yao afariki najipikia mwenyewe, na wali wangu bado unaungua chini. Chuo cha Kurani ninacho, watoto kumi na wanne, na mmoja tu ndiye asomaye kwa akili.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mfanyabiashara wa nazi kutoka Vanga, jina lake Baya, alinishika mkono akanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akatahayari. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ndugu yetu Kibwana amefariki, tena tangu mwezi wa Januari. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nimemsomea Yasini peke yangu.

Sikulaumu, lakini karatasi ipo na posta ipo. Baya alinieleza kwamba watu walijaa mazishini hadi njia ikaziba, kwamba walitoka Diani, Jego, hata Taru. Alisema hajapata kuona mkulima akizikwa vile. Alilisema mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa nimesikia.

Niambie nani aliingia kaburini kumpokea. Mkubwa wake ni mimi, na nafasi ile ilikuwa yangu. Tena, kwa kuwa hitima ya mwaka itasomwa Januari, naomba niandike mimi habari za maisha yake zisomwe mbele ya watu. Katika nyumba yetu aliyesoma ni mimi.

Nduguyo,
Matano bin Mwinga


Msambweni
29 Aprili 1958

Shikamoo kaka Matano.

Barua yako ilifika katikati ya Ramadhani. Nikaiweka mpaka Idi ipite, kwa maana niliogopa kuijibu nikiwa na njaa. Sisi wazima. Mvua imeanza vizuri na mpunga wa bondeni umeota. Shemeji yako Biasha yumo edani bado, hatoki, anasuka ukili tu. Boga mwanawe ndiye aliyeshika jembe la baba yake. Mimi ninaandika kwa herufi za Kiarabu kama unavyoona, kwa sababu hizo ndizo ulizonifundisha kabla hujaondoka, na hazikuniishia.

Hukuandikiwa mapema kwa sababu mwaka alipofariki mama tulikuandikia, na jibu likaja baada ya miezi kumi na moja, nusu yake habari za karafuu.

Kaburini aliingia Boga na wakwe wawili wa marehemu. Hukuuliza nani alimnywesha uji miezi minne.

Unajua alirudi vitani na vidole sita vya miguu. Vinne viliisha kwa funza, huko walikokuwa wakibebeshwa mizigo ya jeshi. Basi tangu alipooa na kupata watoto, kila Alhamisi baada ya alasiri alituketisha barazani, nyumba nzima, miguu mbele, naye na mwiba wa mlimau na kikombe cha mafuta ya nazi. Alitazama kidole kimoja kimoja. Watoto, wakaza wana, wageni waliolala, hakuna aliyesamehewa. Watoto wa jirani walikuwa wakitucheka, kisha nao wakaja kukaa foleni. Hata wakati wa njaa, alipokuwa akila mara moja kwa siku ili watoto wapate, Alhamisi haikumpita.

Alhamisi yake ya mwisho hakuweza kuinuka. Wakapanga foleni kando ya kitanda, akawapapasa kwa vidole. Mimi nilikuwa wa mwisho. Ilipofika zamu yangu alikuwa amelala. Asubuhi ya Ijumaa alikata roho.

Siku ya tatu ya matanga alifika mzee Mramba wa Taru, mfuga mbuzi, Mduruma, aliyekuwa naye vitani. Alisimama uani, akajishika kichwa, akalia: "Matano, mbona umenitangulia?" Watu wakamwambia, mzee, aliyekufa ni Kibwana. Akasema yeye Kibwana hamjui. Tukamwonyesha fimbo ya marehemu na viatu vyake, akasema ndiye, ndiye Matano wangu.

Nakuuliza wewe, kwa nini alisema vile?

Andika hayo maisha. Lakini uyaandike yote.

Umbu lako,
Mwanarusi


Wete
25 Mei 1958

Mwanarusi,

Nimepata barua yako na kuisoma kwa makini. Nashukuru kwamba mpunga umeota. Huku mvua imekuwa nyingi na paa la chuo limevuja juu ya yule mmoja asomaye. Kuhusu goti langu hukuuliza, lakini linaendelea vilevile, ingawa habari za vidole vya Kibwana uliandika ukurasa mzima.

Pamoja na hii nakutumia kurasa nane za maisha ya marehemu. Nimeanza na baba, Mzee Mwinga, alivyofyeka pori la mto kwa mikono yake. Kisha chuo, mimi na Kibwana kwa Sheikh wetu. Nimelazimika kusema kweli kwamba mimi nilihitimu juzuu zote thelathini kabla yake kwa miaka minne. Kisha minazi saba iliyo karibu na kisima, ambayo niliipanda mimi nikiwa na miaka ishirini. Baya aliniambia kwamba inazaa mpaka leo. Nilifurahi kusikia, ingawa yeye alidhani ni ya Kibwana.

Vita nimeviandika kwa mstari mmoja: "Kisha vikaja Vita Vikuu, akaenda, akarudi salama." Watu wanaohudhuria hitima hawapendi kusikia mambo ya bunduki.

Kuhusu yule mzee wa Taru, wazee huchanganya majina.

Nasikia wale wapagazi wa vita walivishwa kibati shingoni. Kama cha Kibwana kipo, tafadhali nitumie, nikitunze huku. Watoto huchezea vitu hivi vikapotea.

Matano


Msambweni
6 Agosti 1958

Shikamoo kaka.

Hatujambo. Mpunga tumevuna, si mwingi, si haba. Biasha ametoka eda, amekonda lakini anacheka. Mke wa Boga ana mimba ya miezi saba, na wanawake wote hapa wanasema tumbo lile ni la mwana wa kiume. Goti lako likandwe kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa moto. Nimeuliza sasa.

Kurasa zako nilizisoma kwa sauti barazani, Biasha na Boga wakisikiliza. Nikamaliza. Boga akauliza kwa adabu, "Shangazi, baba anaanza ukurasa wa ngapi?" Tukahesabu. Kibwana anaingia ukurasa wa tano, anateka maji, anatoka.

Biasha hakuacha kusuka. Akasema, "Huyo shemeji yangu aliitwa kumsifu mwenye nyumba, naye amekaa kwenye kiti chake."

Kisha akaniambia nikuandikie habari za minazi. Ile saba uliyoipanda ilikufa yote mwaka wa njaa, kabla hujarudi kuiona hata mara moja. Kibwana akang'oa visiki, akapanda mingine saba katika mashimo yaleyale, akaibebea maji begani kwa miguu ile, akaiita Minazi ya Matano. Boga alipokuwa mdogo alidhani Matano ni aina ya mnazi, kama pemba na kitamli. Alimwuliza baba yake kama ipo mbegu yake.

Halafu Biasha aliingia ndani, akaleta kibati kimefungwa ndani ya kitambaa. Kina tundu la uzi, na namba, na chini ya namba jina. Ni herufi za Kizungu, Boga akanisomea moja moja nami nikizipapasa kwa kidole. MATANO MWINGA.

Biasha anasema amekijua kibati hicho tangu usiku wa harusi. Alipomwuliza mumewe, alijibiwa, "Nilimshikia mtu nafasi." Hakumwuliza tena miaka thelathini na minane. Lakini sasa yako mambo mawili. La kwanza, marehemu ameacha wasia kwamba mwana wa kiume wa kwanza kuzaliwa nyumbani baada yake aitwe Matano. La pili, Biasha hataki. Amesema maneno haya nayaandika kama alivyoyasema: "Jina hilo lilimchukua mume wangu miaka miwili na vidole vinne. Halimchukui mjukuu wangu mpaka mwenyewe aseme lilimpeleka wapi na kwa nini. Aseme mbele ya watu, kwenye hitima."

Wewe huna mwana wa kiume, kaka. Najua unavyotaka jina lako lirithiwe. Jibu kabla mtoto hajazaliwa.

Kibati hakiji Wete. Biasha anasema ukikitaka, ukifuate.

Mwanarusi


Msambweni
27 Oktoba 1958

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, salamu zitoshe.

Mtoto amezaliwa, wa kiume, tarehe tatu ya mwezi huu. Siku ya saba ilipita. Mbuzi alichinjwa, nywele zikanyolewa, imamu akauliza jina, na Boga akamtazama mama yake, na mama yake akanitazama mimi, na mimi nikatazama njia ya posta. Imamu akaenda zake. Sasa mtoto ana wiki tatu na anaitwa Mgeni. Majirani wameanza kusema.

Sikutaka kuandika haya, lakini umenyamaza vya kutosha, nami nimenyamaza zaidi yako. Siku uliyosema unakwenda Jego kwa siku tatu, mzigo nilikufungia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, si mtoto. Nilitia kanzu zako zote mbili, na kofia ya Idi, na wino, na vitabu vyako vyote ulivyonipa mwenyewe mkononi kimoja kimoja. Mtu wa siku tatu hachukui vitabu. Nilijua wakati nafunga fundo. Mama aliponiuliza nikasema umechukua kanzu moja.

Miaka arubaini na moja nimekutunzia uongo huo, wewe na Kibwana mkitajwa mmoja kwa usomi na mwingine kwa wema. Sasa niandikie.

Mwanarusi


Wete
15 Novemba 1958

Umbu langu Mwanarusi,

Alhamdulillahi kwa mtoto. Mungu amkuze. Binti zangu wamekusalimu. Goti nimelikanda kama ulivyosema.

Zile kurasa nane zichome. Zinazofuata hizi zisomwe na Boga kwenye hitima, bila kupunguza neno. Nimeandika barua hii mara nne, na hii ni ya nne.

"Kibwana bin Mwinga alikuwa mkulima wa Msambweni. Mwaka wa 1917, baada ya msimu wa kupanda, mzee wa mtaa alipita na orodha ya watu wa kubeba mizigo ya vita. Kila nyumba mtu mmoja. Katika nyumba ya Mwinga jina lililosomwa ni la mkubwa, Matano. Mimi ndimi Matano. Nilikuwa na miaka thelathini na nguvu zangu zote.

Kibwana alikuwa akipalilia mihogo. Nilimfuata shambani nikamwambia, 'Nishikie nafasi siku tatu tu. Nina shughuli Jego. Nikirudi tutabadilishana.' Hakuuliza shughuli gani. Aliuliza swali moja: 'Wakiita jina, niitikie?' Nikamwambia, 'Itikia.' Akafuta jembe kwa majani, akalitundika, akaenda kuitikia.

Jego kulikuwa na chombo cha boriti kinachokwenda Pemba. Siku ya tatu nilikuwa Wete. Nilijiambia watamwachilia kwa kuwa ni mwembamba. Kisha nikajiambia kwamba vita vinaisha. Kisha nikajiambia kwamba amekufa, na aliyekufa hadai. Naye alikuwa akitembea mpaka Rufiji na kichwani sanduku, na kila asubuhi akiitwa kwa jina langu akisema 'Nipo.' Wenzake waliokufa walikufa kwa majina yao. Angelikufa yeye, ningelikufa mimi kwenye daftari, na yeye asingelikuwa amekufa popote.

Mwaka wa 1919 alinitumia karatasi, aliyoandikiwa na mtu mwingine. Ilikuwa na maneno haya tu: 'Nimerudi. Nafasi yako nimeishika. Sasa njoo uichukue.' Sikujua kama ananicheka au ananisamehe. Sikujibu. Karatasi hiyo ninayo, imechakaa kwenye mikunjo.

Baada ya hapo alilima miaka thelathini na minane, akaoa mke mmoja na hakumwacha, akalea watoto sita na kuwazika wawili, akawatazama vidole. Hayo wanayajua waliohudhuria, kuliko mimi."

Hapo Boga akomee. Yanayobaki ni yako peke yako.

Naona wivu, Mwanarusi. Nilidhani ukishafika miaka sabini na mmoja unapoa, na huu wangu umekuwa ukikomaa. Namwonea wivu kwa watu walioziba njia. Namwonea kwa mzee wa Taru, kwa sababu hakuna mtu duniani atakayesimama uani kwangu akalia "Matano" kwa sauti ile. Jina ni langu, na aliyeliliwa ni yeye. Huku Pemba nimekuwa nalo kila siku nikaliandika katika vitabu vya ghala la karafuu na kwenye ubao wa chuo, na halikufika popote. Alilivaa miaka miwili, likapata rafiki.

Nalitaka jina lile kwa mtoto. Nimelitaka hata nikaota namwita. Kwa hiyo nasema: asipewe. Aitwe Kibwana. Mwambie shemeji yangu ni mimi niliyesema, na kwamba sikulisema kwa urahisi.

Matano


Msambweni
22 Januari 1959

Shikamoo kaka.

Sisi wazima. Korosho tunaziokota. Mtoto ana meno mawili mapema mno, na anauma.

Hitima ilisomwa Ijumaa. Boga alisoma kurasa zako amesimama. Walikuwapo watu wengi kuliko wa mazishi, maana habari zilikuwa zimetangulia. Wengine walikunja uso. Mzee mmoja wa Diani alisema mambo ya namna hii hayasomwi mbele ya watu. Mzee Mramba alikuwa amekaa mkekani, kaja na mwanawe Chome. Aliposikia mpaka mwisho, alicheka, akafuta macho, akasema: "Kumbe. Nilikuwa nikimwuliza kila usiku habari za nyumbani kwao, akinisimulia za ndugu yake mwenye vitabu. Nilimwambia, ndugu yako huyo mbona humtaji jina? Akasema, nimelitia mfukoni nisije nikalipoteza."

Kisha Biasha akatoka ndani na mtoto. Nilikuwa nimemweleza ulivyosema, kwamba aitwe Kibwana. Akamkabidhi imamu, akasema mbele ya wote, "Anaitwa Matano."

Usifurahi haraka. Jioni alinivuta pembeni akaniambia: "Mwandikie yule wa Pemba asijidanganye. Sikumpa mtoto jina lake. Nimempa jina la mume wangu la vitani. Yule alilitupa, huyu alilirudisha nyumbani likiwa safi. Ni la Kibwana." Nimekuandikia kwa sababu nimechoka kuficha maneno ya watu.

Kibati kimetundikwa juu ya kitanda cha mtoto. Kazi ya Alhamisi ameichukua Boga.

Mimi siku hiyo nilitandika mikeka, nikachemsha kahawa, nikaosha masinia arubaini. Watu walimlilia Kibwana, na wengine, amini usiamini, walikulilia wewe. Jioni nilikaa jikoni peke yangu nikasema, haya, nami nina wivu. Mmoja aliondoka, akaandikwa. Mmoja alikwenda, akaandikwa. Mimi ndiye niliyekuwapo siku zote, na katika kurasa zote, zilizochomwa na zilizosomwa, sikuona mahali jina langu limetajwa hata kwa kuteka maji.

Mwanarusi


Wete
19 Februari 1959

Mwanarusi, umbu langu,

Shikamoo. Ndiyo, mimi kwako. Nimeishi vya kutosha kujua nani mkubwa.

Mwambie Biasha nimesikia, na kwamba amesema haki. Jina ni la Kibwana. Mtoto akilia na mkamwita kwa jina hilo, mimi huku nitanyamaza.

Chuo nimekifunga. Yule mmoja asomaye nimempa vitabu vyangu, vyote nilivyotoka navyo. Nitafunga Ramadhani kwa binti zangu Chake Chake, kisha Idi ikipita nitakuja na chombo cha Vanga. Nitajitahidi nifike Alhamisi, kabla ya alasiri. Goti langu halikunji vizuri, lakini mguu utanyooka mbele kama wa wengine. Nitakaa nyuma yako kwenye foleni, nione kwamba zamu yako imefika.

Nimenunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Mwanarusi binti Mwinga wa Msambweni. Kisha kalamu ikasimama. Nimejaribu kukumbuka ulizaliwa mwezi gani, na mume uliyempoteza alikuwa mtu wa namna gani, na ulikuwa ukicheza nini ulipokuwa mdogo, na siku ile baada ya kufunga fundo la mzigo wangu ulikwenda kukaa wapi.

Niandikie kabla sijaja. Nauliza kwa sababu sijui hata kimoja.

Matano